Chui, tembo au mdiria: mbinu ipi inamfaa mnyama wako kwenye mfarishi wa sanaa?

Mtu akitaka kushona mfarishi wa sanaa wenye mnyamapori, mara nyingi huanza na mbinu: nibandike kwa gundi ya pasi, niunge vipande, nichore kwa uzi au nipake rangi? Swali ni zuri, ila limewahi mno. Kwanza jiulize mnyama huyo anatambulika kwa nini. Tembo ni umbo: ukimkata kwenye kitambaa cheusi bila jicho wala mkunjo, hata mtoto mdogo atamtaja jina. Chui ni mabaka. Yaondoe, unabaki na paka mkubwa tu. Mdiria ni rangi, simba dume ni manyoya ya shingoni, kakakuona ni magamba yanayolaliana. Ukishajibu hilo, mbinu zinazokufaa hupungua zenyewe hadi mbili au tatu, na kulinganisha kunaanza kuwa na faida.

Ninazungumzia mfarishi wa tabaka tatu, yaani uso, pamba ya katikati na bitana, zilizoshikwa pamoja kwa mshono unaopita zote, na uliokusudiwa kutundikwa ukutani. Hilo la ukutani lina uzito wake. Mfarishi wa kitandani hukaliwa, huburutwa na kufuliwa. Wa ukutani hutazamwa tu, kwa hiyo unastahimili mambo ambayo mwenzake hauyawezi: kingo zinazochomoa nyuzi, rangi nzito, uzi uliojazana hadi kitambaa kikakakamaa. Kazi za namna hii zina jukwaa lake tangu maonyesho ya Quilt National yalipoanza mwaka 1979 huko Athens, Ohio, nchini Marekani, na chama cha wasanii wake, Studio Art Quilt Associates, kikafuata mwaka 1989. Mbinu zote ninazozilinganisha hapa zimekwisha kuthibitishwa na watu wengi. Kilichobaki ni kujua ipi inakufaa wewe na mnyama wako.

Kubandika kwa pasi au kukunja kingo kwa mkono

Mbinu hizi mbili zinatoa kitu kimoja: umbo lililokatwa na kuwekwa juu ya kitambaa cha nyuma. Tofauti iko ukingoni.

Kwa gundi ya pasi unachora umbo kwenye karatasi ya utando wa gundi, unaupiga pasi nyuma ya kitambaa, unakata palepale kwenye mstari, unabandua karatasi, unapiga pasi tena mahali pake. Ukingo unakuwa mkali kama ulivyoukata. Miguu ya korongo, pembe za swala, mdomo wa mdiria na miguu ya kereng'ende vyote vinawezekana, hata vikiwa vyembamba kama uzi wa viatu. Kwa kukunja, unaacha milimita 5 au 6 kuzunguka umbo, unazipindia chini kwa ncha ya sindano na kushona kwa mishono isiyoonekana. Chochote chembamba kuliko hapo kinageuka mateso, maana ile nafasi ya kukunjia inakuwa pana kuliko mguu wenyewe. Kona za ndani, kama ile iliyo kati ya masikio mawili ya sungura, zinahitaji kuchanjwa kwa mkasi, na pale zilipochanjwa ndipo zinapofumuka kwanza.

Kwa upande wa pili, ukingo uliokunjwa una unene kidogo, unatoa kivuli chake, na hauchakai. Viboko, tembo, kobe na nyangumi, wanyama wa mviringo na mapinda marefu, wanapendeza mno kwa njia hii. Kiboko aliyebandikwa kwa gundi na kiboko aliyekunjwa kingo, ukiwaweka pamoja, yule wa pili ana mwili. Hapa siwezi kujifanya sina upande: kwa mnyama mwenye umbo kubwa na tulivu ningekunja kingo hata kama kazi itachukua mara tatu ya muda.

Jambo moja la gundi linalowashangaza wengi: mchoro hugeuka. Unachochora kikitazama kushoto kitatazama kulia kikishabandikwa. Kwenye ua hakuna neno. Kwenye mnyama, chui aliyekuwa akiingia ndani ya picha sasa anatoka nje, na jicho la mtazamaji linatoka naye. Geuza mchoro kabla ya kuchora. Na ukipanga tabaka juu ya tabaka, sehemu inakuwa ngumu kama ubao na sindano inanata. Dawa yake ni kukata gundi ya katikati na kubakiza mzingo wa sentimita moja tu ukingoni.

Nitulie kidogo kwa pundamilia, kwa sababu ndiye anayechaguliwa na wengi kwa kudhani ni rahisi. Milia yake haiwi sawa popote. Usoni ni myembamba na imebanana, kwenye paja inapanuka na kulala kwa mshazari, miguuni inakuwa pete. Pundamilia wa kawaida ana milia inayozunguka hadi tumboni; pundamilia wa Grévy ana milia myembamba zaidi, na tumbo lake ni jeupe. Karibu kila mlia unaishia kwenye ncha, na ncha ndiyo adui wa kukunja kingo. Kwa hiyo hapa gundi inashinda bila ubishi. Kata mwili mzima kwa kitambaa cheupe au cha rangi ya maziwa, kisha kata milia yote kutoka kipande kimoja cheusi huku karatasi ikiwa bado nyuma, ukiiacha imeshikana kwenye mstari wa mgongo na manyoya ya shingo. Ukibandua karatasi, milia inatoka kama kitu kimoja na inatua mahali pake bila kupotea hata mmoja. Ukiikata mmojammoja, utatumia jioni nzima kutafuta upi ni wa bega na upi ni wa mbavu.

Umbo tupu lisidharauliwe. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani jimboni Georgia mwaka 1837, alishona mfarishi wa picha kati ya 1895 na 1898 ambao sasa uko katika jumba la Museum of Fine Arts mjini Boston. Una paneli 15 zenye masimulizi ya Biblia na matukio ya angani, na wanyama wamejaa humo. Hawana kivuli wala unyoya. Ni vipande vilivyokatwa na kushonewa juu, na kila mmoja anaishi. Vitambaa vya Wafon wa Abomey, katika Benin ya leo, vinafanya kazi kwa namna hiyohiyo: nyati alikuwa alama ya mfalme Ghezo, simba ya Glele, papa ya Behanzin, wote wakiwa maumbo ya rangi kavu yanayosomeka kutoka upande wa pili wa ukumbi. Na Waguna, wenyeji wa asili wa Panama, wana njia ya kinyume katika mola, vitambaa vyao vya mapambo: wanarundika vitambaa, kisha wanakata vya juu ili rangi ya chini itokeze, wakipata ndege na kasa wenye mizingo ya rangi. Ile ya kukata ili ya chini itokeze inamfaa sana twiga mwenye mabaka ya pembe kali, yule anayeonekana kama amefunikwa wavu mweupe. Huna haja ya kubandika mabaka, fungua wavu.

Kuunga vipande juu ya karatasi

Hapa mnyama na kitambaa cha nyuma ni kitu kimoja. Mchoro umegawanywa kwa mistari iliyonyooka, kila kipande kina namba, na unashona juu ya karatasi kwa kufuata namba hizo. Urefu wa mshono unapunguzwa hadi kama milimita 1.5 ili karatasi ichanike kirahisi mwishoni. Hata hapa mchoro hugeuka.

Matokeo yake ni mnyama mwenye pembe na pande. Uso wa bundi, mbweha, tai au chui unaotazama mbele hupata ukali unaovutia. Ngozi ya kifaru yenye mabamba huonekana kama iliumbwa kwa ajili ya njia hii. Nyoka na shingo ya heroe hazimo. Msanii wa Marekani Ruth McDowell alijijengea jina kwa kuunga wanyama na mimea kwa mishono mirefu iliyonyooka na iliyopinda kidogo, na ukitazama kazi zake unaona kwamba ubapa wa vipande hauzuii uhai, mradi kitambaa kimechaguliwa kwa makini.

Uimara wake hauna mpinzani. Mishono yote iko ndani, hakuna ukingo wa kuchomoa nyuzi, unafulika. Ukitaka mnyama kwenye mfarishi wa mtoto, usizunguke, tumia hii. Udhaifu wake ni kwamba haisamehe. Ukibadili pembe ya sikio, vipande vyote vya jirani vinahama. Pia kitambaa cha nyuma nacho hukatwakatwa kwa mishono, jambo ambalo wanaoanza hulisahau: anga uliyodhani itakuwa shwari inapata nyufa. Ama uzifiche kwa kitambaa cha rangi moja isiyo na maua, ama uzifanye kuwa miale ya jua au matawi, lakini amua mapema.

Kolaji ya vipande vidogo

Kwenye kolaji hukati mwili mzima. Unajenga mnyama kwa mamia ya vipande vidogo vya vitambaa vyenye maua, mawimbi, madoa na michirizi, ukivishikiza kwa gundi juu ya kitambaa cha msingi, kisha mishono ya mwisho inavikaza. Susan Carlson wa Marekani ameshona kwa njia hii mamba mwenye urefu wa zaidi ya mita 6, na ukimsogelea mamba huyo unakuta maua, duara na majani, si magamba. Ukirudi nyuma, ni mamba.

Siri iko kwenye mwanga na giza. Ukiwa na kivuli mahali pa kivuli na mwanga mahali pa mwanga, kifaru anaweza kuwa wa waridi na bado ni kifaru. Ukikosea hapo, hata kijivu kamili hakitamwokoa. Piga picha ya vitambaa vyako kwa simu, iondolee rangi ibaki nyeusi na nyeupe, kisha vipange kwenye mafungu manne au matano kuanzia giza hadi mwanga. Kazi hiyo ya nusu saa inasaidia kuliko kununua kitambaa kipya. Batiki zenye rangi zinazoyeyukiana ni hazina hapa, kwa sababu kipande kimoja kina kivuli na mwanga wake mwenyewe.

Kwa ndege na magamba, kolaji ina kanuni moja ya kufuata bila kuhoji: anza mkiani, panda kuelekea kichwani. Manyoya ya ndege yamelaliana yakielekea mkiani, kama makuti ya paa, yale ya juu yakifunika mizizi ya yale ya chini. Magamba ya kakakuona na ya samaki ni hivyohivyo. Ukianza kichwani utalazimika kuchomeka kila kipande chini ya mwenzake, na kingo zitanyanyuka. Kwa tausi na chozi, yule ndege mdogo wa maua, weka akiba ya hariri iliyofumwa kwa mtande (nyuzi za urefu) wa rangi moja na mshindio (nyuzi za upana) wa rangi nyingine. Mng'ao wa ndege hao hautokani na rangi iliyopakwa ndani ya unyoya, unatokana na umbile dogo mno la unyoya wenyewe linalochezea mwanga, ndiyo maana hubadilika ndege akigeuka. Pamba haitakupa hilo. Hariri ya namna hiyo inabadilika mtazamaji akipita, na ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Inachomoa nyuzi haraka, basi ikate kwa mshazari wa nyuzi na uikamate mapema.

Ubaya wa kolaji ni kingo zisizo na kinga. Wengine hufunika uso wote kwa neti nyembamba sana kabla ya kushona tabaka. Inasaidia, lakini neti nyeupe hupauza rangi. Nyeusi au ya kijivu hupotea machoni kwa urahisi zaidi. Na nionye jambo lingine: kitambaa kilichochapwa mabaka ya chui hakifai kumshona chui. Mabaka ya kiwandani yana ukubwa uleule kila mahali na hayafuati mwili, ilhali ya chui halisi ni madogo kichwani, yanafunguka kuwa mapete ubavuni, na yanabanana pale mwili unapopinda kwenda mbali. Kitambaa hicho kinafaa kwenye kolaji ya kobe au ya mti, mahali ambapo jicho halikitarajii.

Kuchora kwa uzi

Hii ndiyo mbinu ya manyoya, na ndiyo inayodai zaidi kutoka kwako. Unashusha meno ya cherehani yasisukume kitambaa, unafunga mguu wa kudarizi, na mikono yako ndiyo inaongoza kitambaa huku na huko. Sindano inakuwa kalamu iliyosimama na karatasi ndiyo inayotembea. Uzi namba 40 ni wa kawaida kwa juu. Kumbuka namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba, kwa hiyo kwenye bobini weka namba 60 ili chini pasijazane. Sindano 90/14 yenye jicho kubwa huzuia uzi kukatika kwa msuguano.

Chukua uso wa simba. Manyoya yanaanza mafupi sana juu ya pua na kurudi nyuma kuelekea paji la uso. Kwenye mashavu yanarefuka na kufunguka pembeni. Chini ya kidevu yanashuka. Kabla ya kugusa cherehani, chora mishale hiyo yote kwenye picha. Kisha shona giza kwanza, halafu rangi ya kati, halafu mwanga, na nyuzi chache kabisa za mwanga mkali mwishoni. Kila safu iingie ndani ya iliyotangulia kwa urefu usio sawa. Mishono yote ikiishia kwenye mstari mmoja, utapata pindo la pazia badala ya manyoya.

Tatizo kubwa ni kukunjamana. Uzi mwingi unavuta kitambaa, katikati kinasinyaa na kando zinatoa mawimbi ambayo pasi haiyatoi. Ndiyo maana mafundi wengi humshona mnyama kando, juu ya kitambaa chenye kigumu nyuma na kilichokazwa kwenye fremu, wakianzia katikati kwenda nje. Akiisha, wanamkata na kumweka kwenye mandhari. Hapo kuna mtego: mnyama aliyekatwa hivyo ana mzingo safi na anaonekana kama kibandiko. Mrudishe chini ya sindano na upitishe nyuzi chache kutoka mwilini mwake hadi nje ya ukingo, kuingia kwenye kitambaa cha nyuma, kwa rangi zilezile za manyoya. Nyuzi ishirini au thelathini tu kwenye sikio na mgongo, na ghafla amesimama ndani ya mandhari yake.

Kwa wanyama wasio na manyoya marefu, uzi mwingi ni kupoteza nguvu. Tembo hahitaji kujazwa. Mikunjo yake inapatikana vizuri zaidi kwa mishono ya tabaka: mistari ya uzi wa kijivu iliyokingamana kwenye mkonga na kuzunguka goti, na pamba ya katikati inafanya kazi ya kivuli yenyewe.

Kupaka rangi kwenye kitambaa kizima

Rangi inafanya kile ambacho mkasi hauwezi: kuyeyuka. Ukungu wa asubuhi juu ya swala, ngozi ya kiboko iliyolowa, kifua cha bundi kinachotoka kwenye kahawia hadi nyeupe bila mpaka. Unapaka kitambaa kimoja kizima, unakausha, unaikaza rangi kwa pasi kama maelekezo ya chupa yanavyosema, kisha unaweka tabaka tatu na kushona. Hollis Chatelain wa Marekani anajulikana kwa kufanya hivi kwa rangi za kutilia vitambaa, na baadhi ya kazi zake zimejengwa kwa rangi moja tu katika viwango vyake vya giza na mwanga.

Ikilinganishwa na uzi, rangi ni ya haraka na haikunji kitambaa. Ikilinganishwa na kolaji, haina kingo za kufumuka. Lakini haifutiki. Kipande cha gundi hubanduliwa, mshono hufumuliwa, rangi hukaa. Pia inadai uwe unajua kuchora, au uwe tayari kujifunza. Kitambaa kifuliwe kwanza kutoa wanga wa kiwandani, la sivyo rangi inakaa juu juu. Na ukipaka nene, kila tundu la sindano litaonekana milele, kwa hiyo usifumue mshono kwenye sehemu yenye rangi nzito.

Kuchapa picha moja kwa moja kwenye kitambaa nako kupo. Kunakupa picha kamili, na hapo ndipo kasoro yake ilipo: mkono wako unabaki na kazi ya kushona tabaka tu. Napenda njia hii kwa macho na kwa mandhari ya mbali, si kwa mnyama mzima.

Chui mmoja, mbinu zote

Tuseme unataka kichwa cha chui, upana wa sentimita 60. Kwa gundi ya pasi utapata bango kali lenye mabaka meusi juu ya dhahabu, kazi ya siku chache, zuri kwa mtazamaji aliye mbali. Kwa kukunja kingo, mabaka madogo ya kichwani yatakushinda, achana nayo. Kwa kuunga vipande juu ya karatasi utapata chui wa pembe, mwenye ukali wa macho kuliko wa ngozi, na mabaka itabidi uyawakilishe kwa kitambaa chenye madoadoa. Kolaji itakupa chui mwenye joto na mshangao, na mabaka unaweza kuyakata kwenye giza la maua ya zambarau. Uzi utakupa chui unayetaka kumshika, kwa gharama ya wiki kadhaa na mgongo unaouma. Rangi itakupa macho yenye unyevu kuliko zote.

Mimi ningechanganya: msingi wa mwili kwa rangi, mabaka kwa gundi, kisha uzi juu ya yote kwenye mipaka ya mabaka. Baka la chui halina ukingo wa mkasi. Manyoya meusi na ya dhahabu yanaingiliana mpakani. Mishono mifupi inayovuka ukingo kutoka pande zote mbili ndiyo inayoliua lile sura la kubandikwa. Duma ni rahisi zaidi, kwa kuwa madoa yake ni mazima bila pete: madoa ya rangi yanatosha, ila usisahau mstari mweusi unaoshuka kutoka jichoni hadi mdomoni, maana bila huo si duma.

Kuhusu jicho, mbinu yoyote uliyochagua, lipe siku yake. Mboni ya simba, chui na duma ni duara, si mchirizi wa wima kama wa paka wa nyumbani. Ya swala imelala. Ya mamba imesimama. Kope la juu hutupa kivuli juu ya jicho. Bila kivuli hicho mnyama anaonekana amefumaniwa. Alama ya mwanga ni moja, upande unakotoka mwanga wa picha nzima, na iwe nyeupe kuliko kitu kingine chochote kwenye mfarishi.

Pamba, picha ya kufuata, na jinsi ya kukata shauri

Pamba ya katikati inabadili kila mbinu. Iliyotengenezwa kwa pamba hasa hulala bapa na inafaa kwa kazi iliyopakwa rangi na ya vipande vilivyoungwa. Ya sufu ya kondoo huinuka, na mishono ikisongamana kuzunguka mnyama, mwili wake unajitokeza. Kwa tembo au kifaru weka tabaka ya ziada nyuma ya mwili peke yake kabla ya kushona. Mishono mingi hupunguza ukubwa wa mfarishi, basi kata uso ukiwa mkubwa kwa sentimita kadhaa kila upande na usawazishe mwishoni.

Picha ya kufuata iwe yako, au uwe na ruhusa ya aliyeipiga. Kubadili rangi au kuigeuza upande hakuifanyi kuwa yako, na maonyesho ya heshima huuliza. Picha nyingi za wanyama zimewachukua wapiga picha siku nzima za kungoja. Kuomba ruhusa ni adabu kabla ya kuwa sheria. Ukiwa na picha kadhaa za mnyama yuleyule, changanya: mkao kutoka moja, mwanga kutoka nyingine. Hapo ndipo mchoro unapoanza kuwa wako.

Kama umebaki kati ya mbinu mbili, usishone mnyama mzima. Chagua kipande cha sentimita 20 kwa 20 chenye jicho moja na sikio moja, ukishone kwa mbinu zote mbili hadi tabaka tatu zikamilike, maana mbinu nyingi hupendeza kabla ya mishono ya tabaka na kubadilika baada yake. Vitundike pamoja ukutani kwa siku chache, uvitazame ukipita, kwa mwanga wa asubuhi na wa taa, kwa karibu na kwa mbali. Kingo zikianza kunyanyuka au kitambaa kikijikunja, utaona ndani ya siku hizo, kabla hujakata mita tatu za kitambaa kizuri.